Maswali ya Wasomaji: Bunduki ya Kale au Nakala Yake?

Barua zilizonifikia tangu masika yaanze zimerudia jambo moja mara nyingi kiasi kwamba nimeona heri ukurasa wote wa mwezi huu niutolee hilo tu: bunduki za marisawa, yaani shotigani zinazorusha vijirisasi vingi kwa mpigo mmoja, zenye mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu, zile zilizotengenezwa na mabwana wa zamani na zile zinazotengenezwa katika zama zetu kwa mfano wao. Kwa msomaji mgeni, ninaposema kipimo cha 12 nina maana kwamba tundu la mtutu lina upana wa tufe la risasi ambalo matufe kumi na mawili ya aina yake yakiwekwa kwenye mizani hupima ratili moja. Ndiyo maana namba ikipanda, mtutu hupungua upana.

SWALI

Shikamoo Mzee. Mimi ni wakili, naishi Upanga, na nina leseni halali ya shotigani ninayoitumia kulenga visahani vya udongo na, msimu unapofunguliwa nami nikiwa na kibali, kuwinda kanga na kwale. Kwa miaka mingi nimeitamani bunduki ya Parker, na sasa nimeonyeshwa mbili, zote zikiwa nje ya nchi. Moja ni asilia, kipimo cha 12, daraja la DHE, iliyotengenezwa Marekani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Nyingine ni nakala ya daraja hilohilo iliyotengenezwa Japani. Bei zao hazipishani sana. Baba yangu mdogo anasema ya kale ni dhahabu na kwamba nakala itabaki kuwa nakala. Mwenzangu tunayelenga naye shabaha anasema ile ya Japani ni imara zaidi. Nimsikilize nani? – Msomaji, Upanga

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nunua ya Japani. Ukishindwa kabisa kuiacha ile asilia, inunue ukijua kwamba utaitazama mara nyingi kuliko utakavyoipiga. Huo ndio uamuzi wangu, na kwa kuwa wewe ni mwanasheria utataka sababu zake.

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe, kwa sababu neno nakala hubeba vitu vitatu visivyofanana, na anayevichanganya hupunjwa. Kuna nakala inayoifuata ya kwanza kipande kwa kipande, na mfano wake bora ni hiyo uliyoonyeshwa: katika miaka ya 1980 kiwanda cha Olin-Kodensha kilichokuwa Tochigi, Japani, ambacho tayari kilikuwa kikitengeneza bunduki za Winchester, kiliichukua Parker na kuiunda upya kwa uaminifu mkubwa hivi kwamba mafundi waliozifungua zote mbili husimulia jinsi baadhi ya vipande vya moja vinavyokaa katika nyingine. Kuna, pili, bunduki ambayo haikunakiliwa bali imeendelezwa. Kampuni ya Connecticut Shotgun ya mji wa New Britain ilianza mwaka 1993 kutengeneza tena bunduki za A. H. Fox, ambazo chimbuko lake ni Philadelphia, na imefika hata mahali ambapo Fox wa kwanza hakufika, kwa kuwa kiwanda cha kale kilitengeneza vipimo vya 12, 16 na 20 tu, ilhali hiki kipya hutengeneza 28 na .410 pia (hiyo ya mwisho ni upana wa tundu kwa inchi), kwa hiyo mtu akikuletea Fox ya kipimo cha 28 na kuapa kwamba babu yake aliinunua kabla ya vita, msikilize kwa adabu kisha umuage. Tatu, kuna jina lililonunuliwa tu. L. C. Smith ilikuwa bunduki ya Marekani ambayo mitambo yake imepachikwa kwenye mabamba mawili ya pembeni, ikatengenezwa Syracuse na baadaye Fulton, katika jimbo la New York. Marlin, kampuni nyingine ya bunduki ya Marekani, iliinunua kampuni hiyo mwaka 1945, na karne hii jina lake likaonekana juu ya bunduki zilizotoka Italia. Ni bunduki zinazofaa, lakini undugu wao na ile ya Fulton unaishia kwenye maandishi.

Turudi kwa Parker yako. Charles Parker na wanawe walikuwa watu wa Meriden, Connecticut, na walianza kutengeneza bunduki za marisawa muda mfupi baada ya Wamarekani kumaliza vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1934 kampuni ilichukuliwa na Remington, kampuni nyingine ya bunduki ya Marekani, na Vita vya Pili vya Dunia vikauzima utengenezaji, zikiwa zimetoka bunduki zipatazo 242,000 kwa jumla. Katika alama za DHE, D ni daraja la uzuri, H inasema kwamba haina nyundo zilizojitokeza nje, na E inasema kwamba hutema maganda yenyewe. Mitutu ya daraja hilo katika miaka unayoitaja mara nyingi ni ya chuma ambacho Parker walikiita Titanic, jina ambalo halina uhusiano wowote na meli, ingawa nimewahi kumsikia dalali akimweleza mnunuzi vinginevyo kwa uso mkavu kabisa.

Sasa iweke begani. Hapa ndipo wapenzi wengi wa vitu vya kale hukatishwa tamaa, kwa sababu Wamarekani wa enzi zile walizoea kusimama wima na kuinua kichwa wakati wa kulenga, hivyo vitako vyao huteremka sana kuelekea kisigino, yaani ncha ya juu ya kitako inayokaa begani, mara nyingi inchi tatu hivi chini ya usawa wa mitutu, ambazo ni kama milimita 75. Mlengaji wa leo, aliyezoea kulaza shavu juu ya mti, huona mitutu imezama mbele yake, hupiga chini ya ndege, na teke la bunduki humfikia kwenye mfupa wa shavu badala ya kumfikia begani. Nakala nyingi zimekirekebisha kitako hicho kikanyooka zaidi. Kitako cha kale kinaweza kupindwa na fundi stadi kwa mafuta ya moto, lakini mti wa mjozi uliokauka kwa zaidi ya miaka mia moja una hiari ya kukubali au kupasuka, na fundi hawezi kukuapia utachagua lipi.

Jambo la pili ni zito zaidi nalo ni risasi utakazoilisha. Risasi nyingi za kipimo cha 12 zinazouzwa duniani leo zina ganda la milimita 70, na urefu huo hupimwa ganda likiwa limekwisha kufunguka, yaani baada ya kupigwa. Risasi ambayo haijapigwa ni fupi kwa sababu mdomo wake umekunjwa, kwa hiyo huingia bila kukwama hata katika chemba, yaani nafasi ya nyuma ya mtutu inamokaa risasi, iliyotobolewa kwa ganda la milimita 65, na mpigaji asiyejua hudhani kwamba kwa kuwa imeingia, basi inafaa. Inapolipuka, mikunjo hufunguka ikakuta chemba imekwisha na mtutu umeanza kuwa mwembamba, mdomo wa ganda hujibana pale, marisawa hupita kwa shida, na mgandamizo ambao ungetawanyika hupanda ghafla mahali ambapo hautakiwi. Bunduki nyingi za Uingereza za zamani zina chemba za inchi mbili na nusu, ambazo ndizo hizo milimita 65 kwa makadirio. Parker walikuwa na desturi yao ya kutoboa chemba fupi kidogo kuliko ganda walilolikusudia, wakiamini kwamba mdomo wa ganda ukiegemea pale hufunga hewa vizuri, kwa hiyo huwezi kuamini wala maandishi ya muuzaji wala kumbukumbu ya mwenye mali. Ni lazima chemba ipimwe kwa kipimio. Nakala ya Japani ilizaliwa baada ya ulimwengu kukubaliana juu ya milimita 70, hivyo swali hilo kwake halipo.

Tena, Wamarekani hawakuwa na nyumba ya majaribio ya kisheria, mahali ambapo mitutu hujaribiwa kwa risasi kali na kugongwa alama, kama ile ya London, ambayo mizizi yake imo katika hati waliyopewa mafundi bunduki wa jiji hilo mwaka 1637, au ile ya Birmingham iliyoanzishwa mwaka 1813. Kila kiwanda cha Marekani kilijaribu mitutu yake chenyewe. Bunduki ya Kiingereza ukiigeuza tumbo juu hukusomea wasifu wake, ila Parker hunyamaza, na unabaki na macho ya fundi wako.

Umeniuliza habari za thamani pia, japo hukulitaja neno hilo. Bei mbili zinazokaribiana ndizo zilizolitaja. DHE iliyokaa vizuri, yenye rangi zake za kwanza, huuzwa ghali sana. Ikiwa hii ya kwako bei yake inakaribia ya nakala, maana yake ni kwamba kuna kitu kimepotea. Angalia rangi za fremu, yaani mwili wa chuma unaounganisha mitutu na kitako: chuma cha zamani kilipikwa ndani ya makaa ya mifupa na ya kuni, kikatoka na mawimbi ya buluu, kahawia na kijivu ambayo hufifia pole pole mahali mkono unaposhika, na kubaki katika mapembe yaliyojificha. Rangi zikiwa kali sawasawa kila mahali juu ya bunduki yenye umri wa miaka 110, basi imepikwa upya, na kupika upya fremu ya zamani huweza kuipinda. Angalia chanja za kushikia kwenye mti, kama ncha zake zimelika au zimekatwa juzi. Mistari ya nakshi ikiwa imelegea kana kwamba imepitiwa na msasa, jua imepitiwa na msasa. Katika biashara hii bunduki iliyochakaa kwa haki hupendwa kuliko iliyong'arishwa, jambo ambalo wauzaji wetu wa vitu vya kale hapa mjini hawajalikubali, kwani hata mlango wa Kizanzibari wenye umri wa karne nzima huupaka vanishi ung'ae kama kabati jipya la maseremala wa Keko.

Ukitaka kujaribu kwa mbali, mwombe muuzaji apige simu ya video, aitoe mitutu peke yake, aining'inize kwenye ndoano na kuigonga kwa kifundo cha kidole. Ikilia kama kengele, utepe wa chuma uliounganisha mitutu miwili bado umeshika. Ikitoa sauti ya sufuria iliyopasuka, umeachia mahali fulani. Kisha airudishe mitutu bila kishikio cha mbele, aifunge, na aitikise bunduki kwa kushika kitako. Pengo likionekana kati ya mitutu na uso wa fremu, bawaba imelika.

Mtu atanikumbusha bunduki ya Theodore Roosevelt, nami nitalisema mwenyewe kabla hajaandika. Ansley Fox, ndiye mwenye jina la A. H. Fox, alimzawadia rais huyo wa Marekani, aliyekuwa amemaliza tu muda wake, Fox ya daraja la juu kabisa, naye akaja nayo Afrika Mashariki, akishuka Mombasa Aprili 1909. Mwaka 2010 bunduki hiyo iliuzwa mnadani kwa dola 862,500. Hakuna nakala itakayofikia bei hiyo. Lakini kilichonunuliwa pale ni safari na mwenye safari. Chuma na mti wake vingeweza kupatikana katika Fox nyingine kwa sehemu ndogo sana ya fedha hizo, na Parker unayoonyeshwa wewe haikupandishwa meli na mtu yeyote tunayemjua.

Zingatia pia kwamba ile ya Japani ilitengenezwa kwa miaka michache tu ya muongo ule, haitengenezwi tena, na yenyewe sasa inatafutwa. Baba yako mdogo akiishi salama miaka ishirini mingine huenda akaihesabu miongoni mwa dhahabu zake. Usitume fedha kwa yeyote kabla ya kupata idhini ya Msajili wa Silaha kwa mujibu wa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Haya wewe unayajua kuliko mimi, ila nimewaona mawakili wakiyasahau.

SWALI

Ndugu mwandishi, habari za kazi. Nina leseni na natafuta bunduki ya kale ya kuwinda. Mzee mmoja huku Kigamboni, naye ana leseni yake, anataka kuniuzia shotigani ya mitutu miwili iliyoandikwa “W. Richards”. Anasema ni Mwingereza Westley Richards mwenyewe, kwamba inakaribia miaka 130, na kwamba mitutu yake yenye michirizi kama ya nyoka ni ushahidi, kwa kuwa nakala za siku hizi hazina michirizi hiyo. Bei yake imenishtua. Je, anasema kweli? – Msomaji, Kigamboni

JIBU

Salama, ndugu yangu. Umri wake huenda ni kweli, na michirizi ni ya kweli. Jina ndilo lenye walakini.

Westley Richards wa Birmingham ni jina kubwa kwa haki. Ndani ya karakana hiyo mafundi wawili, Anson na Deeley, walisajili mwaka 1875 ule mtambo uliofungiwa wote ndani ya fremu moja kama vitu ndani ya sanduku, ambao mpaka leo hii ndio uti wa mgongo wa bunduki nyingi za mitutu miwili unazoziona, za bei nafuu na za bei kali. Kwa sababu jina lilikuwa kubwa, watengenezaji wa Ubelgiji waliokuwa wakisafirisha bunduki za bei rahisi waligonga juu ya mitutu yao “W. Richards”, wakimwachia mnunuzi wa mbali amalizie mwenyewe neno lililokosekana. Hizo ni nakala pia, tena nakala za zamani, na ndiyo maana umri wa bunduki hauwezi kuwa hoja ya uasilia wake. Hapa Dar es Salaam tunaujua mchezo huu kwa viatu na saa za mkononi, ila tunadhani ulianza na sisi.

Mwombe mzee, kwa heshima, akuruhusu utoe kishikio cha mbele na uitenganishe mitutu. Tazama tumbo lake, mahali panapokaa juu ya fremu. Ukiona duara refu kama yai lenye herufi ELG na nyota ndogo chini yake, umefika Liège, mji wa Ubelgiji wenye nyumba yake ya majaribio. Bunduki ya Birmingham ingekuwa na alama zenye taji, na iliyojaribiwa upya baada ya 1954 ingekuandikia hata urefu wa chemba na mgandamizo kwa tani. Kwenye mitutu ya Birmingham ya kati ya 1875 na 1887 yenye mdomo uliobanwa, ili marisawa yasitawanyike mapema, utakuta hata maneno ya kukataza kutumia risasi moja nzima badala ya marisawa. Waingereza wa wakati ule waliandika maonyo juu ya chuma kama wengine wanavyoandika juu ya khanga.

Kuhusu michirizi, hiyo ni mitutu ya Dameski. Nyuzi za chuma laini na chuma kigumu zilisokotwa pamoja, zikazungushwa kwenye kipande cha chuma, zikapigwa nyundo zikiwa moto hadi zikashikana na kuwa bomba, na mchoro unaouona ni mahali nyuzi hizo zinapopakana. Ni kazi ya mikono inayostahili kuheshimiwa hata ikitoka kwenye karakana ya bei rahisi. Lakini ilifanywa kwa ajili ya baruti nyeusi, na baruti nyeusi huacha masizi yanayovuta unyevu, hivyo vishimo vya kutu hujichimbia kati ya nyuzi mahali ambapo jicho halifiki. Zipo bunduki za Dameski zilizopimwa unene, zikapelekwa kwenye nyumba ya majaribio na kufaulu kwa baruti isiyo na moshi, na wenyewe huzipiga mpaka leo. Ya kwako haina cheti hicho. Katika hewa ya chumvi ya Kigamboni, kwa miaka isiyojulikana, sitaki hata kukisia hali ya ukuta wake.

Ukiipenda kwa mapambo, mpe mzee bei ya pambo. Usipige nayo hata mara moja, na usidhani kwamba kufunga kamba kwenye triga na kusimama nyuma ya mnazi ni majaribio. Bunduki inayopasuka siku ya tatu ilinusurika siku ya kwanza na ya pili. Hata ikiwa ya kutazamwa tu, kisheria ni silaha, na kuhama kwake kutoka mkononi mwa mzee hadi mkononi mwako ni lazima kupitie polisi.

Kwa kuwinda, fedha hizo zitakupatia bunduki ya Kirusi ya Izhevsk, aina ya Izh-43, ambayo wawindaji wengi wa nchi hii wameizoea. Haina uzuri wa kuimbiwa. Imepakwa kromu ndani ya mitutu, na kwa mtu anayeishi ng'ambo ya kivuko kromu hiyo ni bora kuliko nakshi.

SWALI

Asalaam aleikum. Mume wangu alifariki dunia mwaka jana. Ameacha bunduki aliyorithi kutoka kwa baba yake, ambaye aliipata kwa Mjerumani mwenye shamba la mkonge Tanga, na leseni ilikuwa kwa jina la marehemu. Mwanangu anasema ni chuma chakavu, tuiuze kwa kilo, anunue ya Kituruki iliyo sawasawa na hiyo. Bunduki iko kabatini hapa Magomeni. Nifanye nini? – Mama wa Magomeni

JIBU

Wa aleikum salaam, dada yangu, na poleni sana kwa msiba.

Kabla ya kuzungumzia uzuri wake, itoe kabatini kwa njia halali. Leseni ni ya mtu, si ya bunduki, na mtu huyo ametangulia. Kwa hiyo watoto hawarithi bunduki kama wanavyorithi kiwanja. Nenda kituo cha polisi kilicho karibu, ukiwa na leseni ya marehemu na cheti cha kifo, utoe taarifa, na usiibebe bunduki yenyewe mitaani mpaka wakuelekeze namna ya kuifikisha. Mwanao akiitaka, ataiombea leseni kwa jina lake mwenyewe. Fanya hivyo wiki hii.

Ikishakuwa mikononi mwa wenye mamlaka, omba asiwepo mtu wa kuiita chakavu kabla fundi hajaisoma. Wajerumani walitengeneza bunduki nyingi nzuri Suhl, katika Thuringia, na sheria yao ya majaribio ya silaha ilipitishwa mwaka 1891, hivyo chini ya mitutu kuna uwezekano mkubwa wa kukuta U yenye taji na alama nyingine za kiserikali. N yenye taji ingeonyesha kwamba imejaribiwa kwa baruti isiyo na moshi. Namba 16 ndani ya duara ingeonyesha kipimo ambacho Wajerumani walikipenda sana, na hapo chemba yake karibu kwa hakika ni ya milimita 65, kwa hiyo yale niliyomwandikia msomaji wa Upanga yanamhusu pia mwanao.

Kuhusu bunduki za Kituruki, nyingi hutoka Huğlu na Üzümlü, miji midogo ya jimbo la Konya ambako kutengeneza bunduki ni kazi ya mtaa mzima, kama useremala ulivyo Keko. Kwa kutumiwa porini hazina ubaya, na sehemu za kubadilisha mbano wa mdomo wa mtutu huja pamoja nazo, kitu ambacho bunduki ya babu yake haikuwa nacho. Lakini “sawasawa na hiyo” si maneno ya kweli. Nakshi ya bei hiyo hukatwa kwa mashine, springi ni za waya uliosokotwa badala ya bapa lililofuliwa, na mti hukutana na chuma kwa mwanya ambao Mjerumani yule asingeukubali. Namshauri mwanao, kama ana haja ya kupiga, anunue ya Kituruki. Na kama mnaweza kupewa idhini, ya babu yake ibaki katika ukoo. Hayo mawili hayagombani.

SWALI

Mzee, fundi ameniambia anaweza kuirefusha chemba ya bunduki yangu ya Kiingereza kutoka milimita 65 hadi 70, ili isiwe na tofauti na nakala za kisasa. Niende? – Msomaji, Mbezi Beach

JIBU

Usiende. Atakuwa anaondoa chuma mahali mgandamizo unapoanza kusukuma kuta, kwenye mtutu ambao mtengenezaji aliukadiria kwa kazi nyepesi zaidi; bunduki hiyo kwa sheria za Uingereza ingekuwa imepoteza uhalali wa alama zake na kuhitaji majaribio mapya, na mnunuzi yeyote anayejua atapima chemba, akunje mikono na kuishusha bei. Bado kuna viwanda Ulaya vinavyotengeneza risasi za milimita 65. Mwambie muuzaji wako wa risasi mwenye leseni akuagizie za uzito mdogo, wakia moja hivi, ambazo ni gramu 28, na uziweke kwenye kasha lililoandikwa wazi ili mgeni asiweke nyingine.

Pia umesema kwenye barua yako kwamba unaitunza ndani ya mkoba wake wa ngozi. Itoe humo leo. Ngozi hunywa unyevu wa bahari wakati wa masika na kuutema juu ya chuma, na kwa mwaka mmoja wa Mbezi mtutu ulionusurika na Waingereza utakuwa na madoa. Ifute kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, uisimamishe ndani ya kasha la chuma lenye kufuli, mdomo ukitazama chini, ili mafuta yasiteremke yakalowesha mti wa kitako.